Kioo cha Mbele cha Gari la Babu Roland

Kila Jumamosi asubuhi Bryony Allsop alikunywa chai yake akiwa amesimama. Bibi Noreen alikuwa ameshachoka kumwambia akae. Mtoto mwenye haraka ya namna ile angekaaje, na huku anasikia msasa wa Babu ukikwaruza ndani ya gereji? Alibugia mkate wake wa siagi na jemu, akavaa ovaroli kuukuu lililokunjwa mikono, akatokea mlango wa nyuma mbio mbio.

"Mikono uioshe ukirudi!" Bibi alimpigia kelele. "Sitaki vumbi la faiba kwenye siagi yangu!"

Gereji ya akina Allsop ilibanwa kati ya nyumba yao na nyumba ya jirani, Bwana Ernie Spendlove, katika mji wa Wirksworth ambako kila barabara ni ya kupanda au ya kushuka. Ndani yake mlikuwa na gari. Halikununuliwa likiwa gari. Liliingia pale vipande vipande ndani ya maboksi: fremu ya chuma, bodi ya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, taa, nyaya na vikorokoro vingi vidogo. Injini ilitolewa kwenye gari jingine lililokufa. Babu Roland, mchimba mawe mstaafu, alikuwa akiviunganisha mwenyewe tangu Bryony hajaanza shule, na Bryony alipokua akawa fundi mwenzake. Yeye ndiye aliyefunga taa za nyuma, na ziliwaka vizuri.

Majirani walishalifanya gari lile gumzo. Aliyeongoza kwa utani alikuwa Bwana Ernie, ambaye hakuwa na unywele hata mmoja kichwani, ila maneno alikuwa nayo ya kutosha.

"Mzee Roland, hilo gari litatoka lini?" aliuliza asubuhi ile akiegemea mlango wa gereji. "Au unangoja mimi nife ndipo unibebee jeneza?"

"Wewe utabebwa kwa toroli, Ernie," Babu alijibu bila kuinua kichwa. "Na leo ukae kimya. Leo ni siku ya kioo."

Bwana Ernie alinyoosha mgongo. Alijua maana yake. Mwaka huo Babu alikuwa ametangaza mbele ya watu wote kwamba gari lake litakuwamo kwenye maandamano ya sherehe za mji za kupamba visima kwa maua, mwishoni mwa mwezi wa Mei. Ili liruhusiwe barabarani lilihitaji kupita ukaguzi wa serikali. Breki zilikuwa tayari, mikanda tayari, honi tayari hadi Bibi ameikataza. Kilichobaki ni kioo cha mbele, na siku ya ukaguzi ilikuwa imekaribia.

Kioo chenyewe kilikuwa kimeegeshwa ukutani, kimefunikwa blanketi. Bryony aliinua pembe ya blanketi akachungulia. Alikuwa na maswali, kama kawaida yake.

"Babu, kwa nini tusikigandishe tu kwa gundi?"

"Tungeweza. Ila bodi ya gari hili inacheza kidogo likitembea, na kioo hakipendi kuchezewa. Tunaweka raba katikati yao, iwaamue wasigombane."

"Na wakigombana?"

"Kioo ndicho kinachoumia."

Babu alizunguka gari akipapasa ukingo wa uwazi ambamo kioo kingekaa. Alipitisha vidole vyake vinene juu, pembeni, chini, kwenye pembe zote. Kinundu chochote kwenye ukingo ule kingekisukuma kioo mahali pamoja.

"Laini," alisema. "Kama kichwa cha Ernie."

Basi kazi ikaanza. Waliivika raba kuzunguka kioo chote. Ndani ya mfereji wa raba ile Babu alilaza kamba, ncha zake mbili zikaning'inia chini katikati. Wakapaka sabuni ya maji kila mahali hadi gereji ikanuka kama siku ya kufua. Babu na Bwana Ernie walikishika kioo kwa nje wakakisukuma kwa viganja. Bryony aliingia ndani ya gari, akapiga magoti kwenye kiti, akaanza kuvuta kamba polepole. Kila alipovuta, mdomo wa raba uliruka juu ya ukingo wa faiba na kukaa mahali pake. Ilikuwa raha kuona. Bryony alijiambia kwamba aliyegundua ujanja ule lazima alikuwa mvivu mwenye akili nyingi.

Alipofika pembe ya chini, upande wa kushoto, kamba ikawa nzito. Akavuta kwa nguvu.

Tik.

Mlio ulikuwa mdogo mno. Babu hakuusikia, kwa sababu akiwa gerejini huvua vifaa vyake vya masikioni vya kumsaidia kusikia, ili mashine zisimpigie kelele. Bwana Ernie naye alikuwa akisimulia habari za goti lake. Bryony peke yake ndiye aliyesikia. Aliinama akatazama. Chini ya raba, pale pembeni, palichomoza ufa mwembamba kama unywele, mfupi kuliko ukucha wake wa kidole kidogo.

"Vipi huko ndani?" Babu aliuliza kwa kelele, kama mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umegusa kioo kwa nje, nyusi zimejaa povu la sabuni, na alikuwa anatabasamu. Bryony hakukumbuka lini alimwona Babu ametabasamu vile.

Alinyanyua kidole gumba. "Iko sawa!" alisema.

Ni neno lililokaa mdomoni mwa kila mtu nyumbani kwao. Bibi akiwa na homa alikuwa sawa. Paa likivuja lilikuwa sawa. Watu wa nyumba ile hawakupenda kusumbuana, na Bryony alilitoa neno lile hata kabla hajafikiri. Bibi akaja na sinia la chai na biskuti, Bwana Ernie akapiga makofi, na ule wakati wa kusema ukapita.

Kesho yake baada ya kanisa Bryony aliingia gerejini peke yake. Aliogopa, lakini pia, tusifiche, alikuwa na hamu ya kujua. Je, ufa ule ungekaa vile vile? Alichukua kalamu ya wino mzito akaweka nukta mahali ufa ulipoishia. Jumatatu aliporudi kutoka shule, ufa ulikuwa umeipita nukta. Akaweka nukta nyingine. Siku iliyofuata jua liliwaka, na ufa ukaipita hiyo nayo. Hakuna aliyeligusa gari. Hakuna aliyelipiga hata mlango.

"Kitu kinapasukaje chenyewe?" alimuuliza rafiki yake Faye wakiwa njiani kwenda shule.

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Bryony, wewe ukisema 'kitu tu' najua kuna balaa," Faye alisema. "Tena umewaambia darasa zima utakaa ndani ya lile gari siku ya maandamano. Lisipotoka tutakucheka mpaka Krismasi."

Bryony alicheka, lakini akaharakisha hatua.

Jioni ile alikwenda ukumbi wa kanisa kumsaidia Bibi. Wanawake na wanaume walikuwa wameinamia mbao kubwa zilizopakwa udongo mbichi, wakibandika petali za maua moja moja hadi picha itokee. Mbao hizo ndizo zingewekwa visimani. Bibi alimpa Bryony bakuli la petali za samawati, akamwonyesha anga la kujaza. Karibu na ukingo wa picha, Bryony aliona udongo umepasuka mstari mwembamba.

"Bibi, tazama, umepasuka! Nani ameugusa?"

"Hakuna. Unakauka, unajivuta. Umeona unaanzia wapi?" Bibi aligusa kwa ncha ya kidole. "Hapa pana msumari chini yake. Sehemu nyingine yote inajivuta kwa raha zake, hapa imeshikwa. Ndipo panapopasuka. Na usipopashughulikia sasa, utafika mpaka kwenye pua ya malaika wa picha hii."

Bryony aliganda na petali mkononi. Kwa hiyo kioo kilikuwa kimeshikwa mahali. Jua likiwaka kilitanuka, usiku kikanywea, na pale pembeni kulikuwa na kitu kinachokibana. Alifurahi kwa kuelewa, kisha papo hapo akaogopa kwa sababu hiyo hiyo. Ufa ule haungekoma. Siku moja ungepita mbele ya macho ya Babu akiwa barabarani, na barabara ya kwenda machimboni imejaa malori ya mawe.

"Mbona umenyamaza?" Bibi aliuliza. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Niko sawa."

Lakini hakuwa sawa, na usingizi wake haukuwa mzuri. Akisema, gari lisingekaguliwa kwa wakati na Babu angeaibika mbele ya mji mzima. Asiposema, mkaguzi huenda asione ufa mdogo uliojificha kwenye raba, na Babu angeondoka nao. Aligeuka huku na huku akitafuta njia ya tatu, hakuipata.

Asubuhi ya siku ya kabla ya ukaguzi, alimkuta Babu akiling'arisha gari kwa kitambaa na kuimba peke yake. Bryony alichukua vile vifaa vya masikioni kutoka rafuni akampa.

"Babu, vaa. Nataka unisikie vizuri."

Babu alivaa, akamtazama.

"Kioo kimepasuka. Kilipasuka siku ile ile nikivuta kamba. Nilisikia, nikakwambia iko sawa." Maneno yalimtoka mfululizo. "Na ufa unakua, Babu, nimeuwekea alama, njoo uone."

Babu aliinama akatazama zile nukta za wino na ufa uliozipita zote. Alizihesabu moja moja.

"Ulisikia ukanyamaza?" alisema hatimaye.

"Ulikuwa umefurahi."

"Umeniacha nimefurahi wiki nzima juu ya kioo kibovu!" Babu alitupa kitambaa kwenye ndoo. "Kesho ningekuwa naliendesha gari hili. Bibi yako alitaka kupanda!"

Akaingia ndani kupiga simu ya kuahirisha ukaguzi. Bryony alisikia sauti yake ya upole ikiomba radhi kwa watu asiowajua, akaketi juu ya tairi la akiba akalia. Siku ile Babu hakusema naye tena. Kwa Bryony hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko makofi.

Lakini asubuhi iliyofuata mlango wa chumba chake uligongwa. "Vaa ovaroli," Babu alisema. "Tutajua kwa nini."

Walikata mdomo wa raba kwa kisu wakakisukuma kioo nje. Hakikuvunjika, kwa maana kioo cha namna ile kina utando katikati unaokishikilia. Bryony alikuwa na wazo.

"Kioo hiki si kimeshaharibika? Tukitumie kama kipimo. Tupake rangi ukingoni mwake, tukirudishe bila raba. Pale kitakapogusa bodi, kitaacha alama."

"Rangi gani? Ya ukutani itatiririka."

Bryony alikuwa ameshaondoka. Alirudi na rangi ya mdomo ya Bibi, nyekundu kweli kweli. Babu alikuna kidevu. "Ukiulizwa, mimi sikuwepo," alisema, na hapo Bryony akajua amesamehewa, au yuko karibu.

Walipaka ukingo wote. Wakakiingiza kioo taratibu, wakakitoa. Juu hapakuwa na alama. Pande zote mbili hapakuwa na alama. Pembe ya chini, kushoto, palikuwa na doa jekundu.

Bryony alipapasa. "Hiki hapa! Kuna kinundu, kama mbegu ya tofaa. Ni tone la gundi ya faiba, limegandia kwa chini."

"Haiwezekani," Babu alisema. "Pale nilipitisha msasa mwenyewe. Nikapapasa. Ulikuwepo." Akapapasa tena, mara mbili, mara tatu, uso umekunjamana. "Pako laini."

"Babu, si laini. Kinakwaruza."

Walitazamana. Bryony alimwangalia Babu vidoleni, akakumbuka namna alivyokuwa akidondosha nati sakafuni siku hizi na kuzitukana. Udadisi wake ukaamka.

"Fumba macho," alisema. "Nyoosha mkono."

"Mchezo gani huu?"

"Fumba tu, Babu."

Alimwekea kitu kati ya vidole. "Nini hiki?"

"Washa, kile kipete cha bolti," Babu alijibu. Kilikuwa kifungo cha ovaroli.

"Na hiki?"

"Kifungo." Ilikuwa nati.

"Na sasa?"

"Hujaweka kitu bado."

"Fumbua," Bryony alisema. Babu alifumbua macho akaona washa imelala juu ya ncha ya kidole chake. Akakaa kwenye sanduku la vifaa.

"Ni zile drili za machimboni," alisema polepole. "Miaka yote ile zinatetemesha mikono. Kwanza vidole vilikuwa vinageuka vyeupe kukiwa na baridi. Siku hizi ncha zake hazisikii kitu. Nilijua, Bryony. Siku ile nilipopapasa ukingo sikuhisi kinundu wala ukingo wenyewe. Nilisema laini kwa sababu nilitaka pawe laini."

"Kwa hiyo na wewe ulisema uongo."

"Nilianza mimi. Wewe ulinifuata."

Kikombe kiligonga sinia. Bibi Noreen alikuwa amesimama mlangoni na chai, na hakuna ajuaye alikuwepo tangu lini.

"Tangu lini, Roland?" aliuliza.

"Si jambo kubwa, mke wangu, niko..."

"Usithubutu kumalizia neno hilo!" Bibi aliweka sinia chini kwa kishindo. "Nakufunga vifungo vya shati kila Jumapili ukiniambia vimebana. Nilikuwa nadhani nimeyafua mashati yakaruka! Jumatatu tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Na huyu mtoto aje, maana naona ndiye anayejua kuuliza maswali." Kisha akaona rangi yake ya mdomo kwenye kioo. "Na hiyo ni nini?"

"Mimi sikuwepo," Babu alisema haraka.

Maandamano yalipita bila gari. Babu, Bibi na Bryony walisimama kando ya barabara wakayatazama, bendi mbele, watoto waliovaa mabawa nyuma. Faye alimwona Bryony kutoka juu ya lori lililopambwa, akafungua mdomo amtanie, akaufunga, akampungia tu mkono. Hata Bwana Ernie alikuja kusimama karibu.

"Nimesikia, mzee," alisema. "Kama unataka, sitatania mpaka Jumatano."

"Utaumwa," Babu alimjibu. Iliuma kukosa siku ile. Bryony aliona Babu akimeza mate kila gari lilipopita.

Kioo kipya kilifika majira ya joto yakiwa yamekolea. Safari hii Bryony ndiye aliyepitisha msasa na ndiye aliyepapasa. Babu alikuwa amekwenda kwa daktari, akaambiwa vidole haviwezi kurudi kama zamani, ila avilinde na baridi na asishike tena mashine za kutetemesha. Aliruhusiwa kuendesha, mradi asiendeshe vikiwa vimekufa ganzi.

"Tayari?" aliuliza Babu.

"Bado."

Akasugua tena. Babu akauliza tena, akajibiwa bado tena, na Bwana Ernie akalalamika kwamba goti lake litaota mizizi. Bryony hakujali. Alipaka rangi ya mdomo, ile aliyoinunua Bibi kwa kazi hiyo tu, wakajaribisha kioo, na hapakuwa na doa popote. Ndipo wakaivika raba, wakalaza kamba, wakapaka sabuni. Babu alikuwa na vifaa vyake masikioni. Bryony akavuta, mdomo wa raba ukaruka kipande kwa kipande, pembe zote nne, bila mlio wowote.

Kule kituoni mkaguzi alilizunguka gari asubuhi nzima akichungulia, akigonga, akiwasha waipa na kuzima. Alipotia saini, Babu alimshika mkono kwa nguvu hadi yule bwana akacheka.

Walirudi nyumbani wenyewe wawili, kwa barabara ya milimani. Mvua nyepesi ilianza, upepo ukaingia kwenye nafasi za milango, kwa sababu gari la kuunda nyumbani halikosi nafasi. Malori ya mawe yaliwapita yakirusha maji machafu kwenye kioo. Ghafla Babu alipunguza mwendo, akaegesha pembeni.

"Kuna tatizo la gari?" Bryony aliuliza.

"Gari halina shida. Ni mimi." Babu alivua glavu akamwonyesha. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe kama chaki. "Sihisi usukani. Inabidi tungoje vipate joto. Zamani ningeendelea tu, nisikwambie."

Waipa zilikwenda huku na huku mbele yao.

"Nisikilize, Bryony," Babu alisema. "Kile kinundu kilikuwa kidogo, na ule ufa ulikuwa mdogo. Vyote viwili vilikuwa na dawa, msasa kidogo tu. Kilichotugharimu ni kunyamaza. Mimi nilinyamaza nisionekane mzee, wewe ukanyamaza nisihuzunike, na kila mmoja alidhani anamtendea mwenzake wema. Ukimpenda mtu mwambie ukweli mapema, wakati bado una faida kwake. Hata kama utamharibia siku. Mimi uliniharibia siku moja, na ndiyo maana leo niko hapa naongea na wewe."

Bryony alisogea karibu. Aliivuta mikono yote miwili ya Babu kwake, akaipulizia pumzi ya moto, akaanza kuisugua.